Dokta ameacha kufundisha

CR, yaani mwakilishi wa darasa, alikuja ofisini Jumanne mchana, muda ule wa jua ambao hata wenye shida husubiri kwanza lipoe. Akanipa shikamoo, akakaa, akatoa kwenye begi karatasi ya A4 iliyokunjwa mara nne na kuisukuma mezani bila kuniangalia usoni.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFUNDISHAJI WA KOZI YA MEKANIKA.

Sahihi zimejaa ukurasa mzima na nusu ya nyuma yake. Barua yenyewe fupi, wamejitahidi adabu, "tunaomba" nyingi na "kwa heshima na taadhima", ila kiini chake ni sentensi moja tu: Dokta ameacha kufundisha, anatuuliza maswali na kutuacha tubishane wenyewe mpaka muda unaisha. Nakala: Mkuu wa Idara.

Nikasoma. Nikarudia.

Maana hiyo staili wanayoilalamikia tuliipanga mimi na Dokta, tena kwenye meza hiyohiyo.

Tangu siku hiyo hii kitu haijaniacha, naenda sokoni iko kichwani, nasubiri daladala iko kichwani. Kazi yangu hapa chuoni ni kuwasaidia wahadhiri wafundishe vizuri zaidi, na siku zote nilikuwa nawaambia watu sehemu ngumu ni kumshawishi mhadhiri abadilike. Sasa huyu alibadilika, tena kwa hiari yake bila posho wala cheti, na ndo matatizo yakaanza.

## Scania na bajaji

Dokta ni mtu wa siku nyingi. Mekanika ya mwaka wa kwanza kaifundisha mpaka anaweza kuandika ubao mzima huku anakuangalia wewe. Darasa lake ni zaidi ya mia tatu, wengi ni wa ualimu, yaani hao ndo baada ya miaka michache watakuwa wanafundisha fizikia form one mpaka form six huko mikoani. Kumbukeni hilo, ntalirudia.

Alikuja mwenyewe. Kilichokuwa kinamkera ni kwamba vijana wanakokotoa fomula vizuri tu, hatua kwa hatua, alafu ukiwauliza swali la mtaani linalotumia kanuni ileile wanapotea. Nikamwambia hauko peke yako. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, kule kwenye vijana waliochujwa wakachujika, alikutana na kitu hichohicho. Aliwapa wanafunzi wake mtihani wa maswali ya fizikia yasiyo na hesabu, mmoja akamuuliza ajibuje, kwa alivyofundishwa na profesa au kwa anavyofikiri yeye mwenyewe siku zote? Hilo swali lilimuuma, na kuanzia 1991 akabadilisha lekcha zake: unaweka swali gumu kidogo, kila mtu anachagua jibu, wanabishana na jirani, wanachagua tena, ndo unaeleza.

Dokta akasema hiyo naiweza.

Siku ya kwanza nilisimama pembeni, mlango wa mbele, ili nione vidole. Swali likawekwa kwenye projekta. Scania iliyojaa mchanga imegongana uso kwa uso na bajaji. Ipi imeisukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Moja ni Scania, mbili ni bajaji, tatu ni sawasawa, nne inategemea nani alikuwa kwenye spidi. Vile vidude vya kupigia kura hatuna, kwahiyo unaonyesha vidole kifuani kwako, jirani asichungulie.

Kidole kimoja. Ukumbi karibu wote, kidole kimoja. Na hawa ni watu waliofaulu fizikia form six, kanuni ya tatu ya Newton, kwamba vitu viwili vinasukumana kwa nguvu sawa, wanaitaja hata wakiwa usingizini.

Dokta hakusema kitu. Akawaambia geukeni, mshawishi mwenzako.

Mwanzoni watu wanaangaliana tu, wengine wanacheka kwa aibu, alafu kelele ikaanza kule nyuma ikashuka mpaka mbele. Binti mmoja karibu yangu alikuwa amewaka kabisa: "Bajaji imekuwa chapati, unaniambia nguvu sawa?" Na kijana wa pembeni yake, mpole, daftari limefungwa, akamjibu: "Kapigwa sawa na mwenzake, ila yeye mwepesi. Mwepesi ndo anarushwa." Binti akanyamaza, akaangalia juu, ukaona kabisa anapiga hesabu kichwani. Kura ya pili vidole vitatu vikawa vingi. Sio wote, ila vingi, na Dokta alipochukua chaki kueleza, watu walikuwa wanamsikiliza kwa sababu sasa kila mmoja alikuwa na upande.

Nilitoka pale nimefurahi, sitaki kuwadanganya.

## Kelele kwa Kiswahili, kimya kwa Kiingereza

Kuna kitu kimoja niliona siku hiyo nikakiandika pembeni ya daftari. Ule ubishi wote ulikuwa wa Kiswahili, na ulikuwa wa akili kweli. Dokta alipouliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye swali, ukumbi ukafa. Binti wa chapati naye kimya. Lekcha ilipoisha, kundi zima likamfuata Dokta mpaka nje kwenye vimbweta na maswali kwa Kiswahili, tena maswali mazuri, ambayo waliobaki ndani hawakuyasikia.

Vitabu vingi vya ufundishaji wa chuo tunavyovitegemea vimeandikwa na watu ambao lugha ya lekcha na lugha ya kubishana ni moja. Wanakwambia "wape wanafunzi dakika mbili wajadili" basi, wamemaliza. Kwetu hizo dakika mbili zina kazi mbili ndani yake, ya kwanza uelewe, ya pili uweze kukisema ulichoelewa kwa lugha ya mtihani, na tukiacha hiyo ya pili kwa bahati tunawapendelea waliosoma shule za ada kubwa.

Dokta aliogopa kidogo, mtu akipita nje akasikia Kiswahili kwenye lekcha atasemaje. Tukakubaliana hivi: kubishana ni kwa lugha yoyote, alafu kila wawili wanaandika sentensi moja ya Kiingereza inayosema kwa nini. Moja tu. Zile sentensi zilikuwa za kuchekesha mwanzoni, ila ukizisoma unajua darasa liko wapi kuliko unavyojua kwa testi nzima.

## Alafu barua

Kwahiyo mnaelewa kwa nini ile karatasi ilinishika.

Nilimpelekea Dokta mwenyewe, sikutaka aisikie koridoni. Akasoma, akatabasamu kidogo, akasema "sawa dada", akairudisha. Lekcha iliyofuata akarudi kwenye slaidi. Slaidi sitini na kitu kwa saa mbili, maiki inakoroma, watu wanapiga picha ukuta kwa simu. Hakuna aliyelalamika. Hakuna CR aliyekuja.

Na hapo ndo nilianza kujiuliza maswali ambayo kwenye warsha zetu huwa hatuyaweki kwenye ratiba.

Nikamwomba Dokta nusu saa ya darasa lake, yeye asiwepo. Hii sio mbinu yangu, ilianzia Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle miaka ya 1970, na inafanyika katikati ya semista wakati bado kuna kitu cha kuokoa: mhadhiri anatoka nje, mtu mwingine anakaa na wanafunzi, anawagawa vikundi, anawauliza nini kinawasaidia kujifunza, nini kinawakwamisha na wangependa nini kibadilike, alafu anampelekea mhadhiri majibu bila majina. Ile fomu ya tathmini tunayojaza mwisho wa semista haifanyi kazi hiyo. Ile inafika mtihani umeshapita, anayejaza hafaidiki chochote, anaijaza tu ili aruhusiwe kuona matokeo.

Niliwaambia ongeeni Kiswahili. Wakaongea.

Wengine walisema hawana noti, na noti ndo kitu cha kubeba ukienda kupiga msuli. Wengine walisema wanaobishana ni walewale wa mbele, wa nyuma wanasikilizia tu. Mmoja akasema anaona aibu kuonyesha kidole cha jibu lisilo sahihi mbele ya mtu aliyesoma naye. Nikawa naandika. Kisha kijana mmoja wa juu kabisa kule nyuma, ambaye nahisi alisubiri makusudi wenzake wamalize, akasimama.

"Madam, UE haina bajaji. UE ina fomula."

UE ndo mtihani wa mwisho wa semista. Ukumbi ukacheka, wakapiga meza. Mimi sikucheka.

## Kijana alikuwa sahihi

Nilirudi ofisini nikatafuta pasti pepa za hiyo kozi, za miaka kadhaa. Alichosema ndo kilichopo. Thibitisha fomula hii, kokotoa ile, taja kanuni, chora mchoro. Mtu anaweza kupata A nzuri kabisa huku bado anaamini Scania inaipiga bajaji kwa nguvu zaidi. Na UE ni maksi 60 kati ya 100.

Sasa weka hapo kijana ambaye akifeli anarudia, akizidisha kufeli anadisko, yaani anaondolewa chuo, na bumu la mkopo linaondoka. Unampa saa mbili kwa wiki za kubishana juu ya kitu ambacho mtihani haukigusi. Asilalamike kwa nini? Sisi tulikuwa tumewabadilishia lekcha tukawaachia mtihani uleule, na ndo maana nikiisoma ile barua leo naona watu waliofanya hesabu zao vizuri kuliko kamati nyingi ninazokaa.

Hapa ndo nilipoanza kuona kwamba kumsaidia mhadhiri afundishe vizuri ni kazi ambayo sehemu kubwa haiko darasani. Lekcha imefungwa kamba na mtihani, mtihani umefungwa na kikao cha idara kinachoupitisha na mtahini wa nje anayeukagua, na Dokta mwenyewe amefungwa na fomu ya tathmini upande mmoja na machapisho upande mwingine. Ukimvuta yeye peke yake, kamba zinamrudisha. Alirudi kwenye slaidi ndani ya wiki moja na wala simlaumu.

## Hata Harvard walinuna

Ila kuna upande wa pili wa barua ambao fomula hazielezi. Walisema "ameacha kufundisha". Hawakusema hatuelewi.

Mwaka 2011 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science, umefanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, na mmoja wa waandishi ni Carl Wieman mwenye Nobel ya fizikia ya 2001. Madarasa mawili makubwa ya fizikia, mada moja, wiki moja. Moja likafundishwa na mhadhiri mzoefu anayependwa, jingine likapewa vijana wasio na uzoefu mkubwa ila wanatumia maswali na majadiliano. Kwenye jaribio la mwisho darasa la mzoefu wastani ulikuwa asilimia 41, la vijana 74. Hiyo wengi wetu tunaijua, kwenye warsha inatajwa mpaka imechakaa.

Isiyotajwa sana ni ya 2019. Louis Deslauriers, ambaye alikuwa mmoja wa wale vijana wa Canada, sasa yuko Harvard, akafanya jaribio jingine na wenzake. Wanafunzi waliofundishwa kwa kushiriki walipata maksi nyingi zaidi kwenye testi, lakini walipoulizwa umejifunza kiasi gani, walisema wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza lekcha nzuri. Yaani kuhangaika na swali kunakufanya ujione mjinga, na mzungumzaji mzuri anakufanya ujione umeelewa. Wale watafiti waliona pia kwamba ukiwaeleza wanafunzi jambo hili mapema mwanzoni mwa semista, manung'uniko yanapungua.

Sasa fikiria fomu yetu ya mwisho wa semista inauliza nini. "Mhadhiri anaeleza mada kwa ufasaha?" Weka alama moja mpaka tano.

Mhadhiri anayejaribu kubadilika anaingia kipindi ambacho wanafunzi wanajifunza zaidi na kumpenda kidogo, na hicho kipindi ndo tunachokirekodi kwenye faili lake. Kuna mkuu mmoja nilimwambia hivi akanijibu "basi wanafunzi waelimishwe". Sawa, waelimishwe, ila na sisi tunaosoma hizo fomu je?

## Kuhusu warsha, kwa kifupi

Sizichukii. Nimekula chai ya saa nne kwenye kumbi za Morogoro na Bagamoyo za kutosha, na kuna mambo nimejifunza huko. Ukanda wetu pia kuna kazi nzito imefanyika. Mradi wa TESCEA, kuanzia 2018 mpaka 2021, ulikaa na wahadhiri wa vyuo vikuu vya Mzumbe, Dodoma, Gulu na Uganda Martyrs wakasuka upya kozi zao kuanzia malengo mpaka upimaji, na waliofunzwa wakaendelea kuwafunza wenzao idarani. Programu ya PedaL inayoratibiwa kutoka Nairobi nayo imefundisha wahadhiri wa nchi nyingi za Afrika. Kinachonivutia kwenye TESCEA ni kwamba waligusa kozi nzima. Hawakumpa mtu mbinu tano na cheti wakamwacha aende akapambane na kikao cha mitihani peke yake.

Na siku hizi kuna hela ya HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu nchini, kuna masomo ya wahadhiri na kuna majengo. Majengo yanahitajika, kumbi zetu zinajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Ila jengo linapigwa picha likizinduliwa. Hakuna mtu anayepiga picha Dokta akiandika upya swali namba tatu la UE.

## Faili

Mkuu wa Idara alinipigia. Ana nakala ya barua. Ni mtu mzuri, tunaheshimiana, akaniomba kitu ambacho kwake kilikuwa cha kawaida kabisa: ripoti ya nilichokiona darasani kwa Dokta, na nilichoambiwa na wanafunzi, ili aiweke kwenye faili "kwa ajili ya kumsaidia".

Nikasema siwezi.

Kimya kidogo kwenye simu. Akauliza siwezi au sitaki. Nikamwambia yote mawili, mkuu, naomba unielewe. Siku mhadhiri mmoja akijua kwamba ninachokiona darasani kwake kinaishia kwenye faili la kupandishwa cheo, hakuna atakayenifungulia mlango tena, au watanifungulia siku ile wamejipanga, wamevaa tai. Kituo cha ufundishaji cha Chuo Kikuu cha Michigan kipo tangu 1962 na msimamo wao uko wazi, mazungumzo na mhadhiri ni siri yake, anayehukumu ni mtu mwingine kwa njia nyingine. Sisi wengi tumewekwa chini ya udhibiti ubora, na hilo jina peke yake linamfanya mtu aandae utetezi kabla hujakaa.

Hakufurahi. Lakini aliniuliza swali zuri kabla hajakata simu: sasa mimi kama mkuu nimsaidieje huyu mtu?

Hilo ndo swali ambalo nimekuwa nalo muda wote huu, na nilichokuja nacho mpaka sasa ni kidogo tu. Nilimwambia mkuu, swali moja la UE. Aruhusu lipite swali moja la aina ya Scania na bajaji, lenye maksi za kueleweka, na akisikia mtu kikaoni anasema hili la sekondari, amtetee. Na wanafunzi waambiwe mapema kwamba lipo.

Lilipita. Lilibishaniwa sana, mjumbe mmoja alijibu swali lenyewe palepale kikaoni, akakosea, na baada ya hapo likapita haraka.

Dokta naye amerudi kwenye maswali, ila sio lekcha nzima. Amechagua maswali mawili kwa lekcha, noti anazitoa kabla badala ya baada, na wiki ya kwanza ya semista atatumia dakika ishirini kuwaeleza watoto kwa nini watajisikia hawafundishwi. Aliniambia vilevile, bila kunilaumu, kwamba machapisho yake yamesimama tangu tuanze haya mambo, na kwamba mwenzake aliyeanza naye kazi amepanda yuko mwandamizi sasa. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, kwa sababu kupanda cheo kunahesabu machapisho, na muda aliotumia kutunga maswali ya bajaji hauna sehemu ya kujazwa kwenye ile fomu.

Kwa wale wa ualimu niliosema ntarudia: binti wa chapati nilikutana naye karibu na maktaba. Anajiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Akaniuliza kama yale maswali ya Dokta anaweza kuyachukua akayatumie form three. Nikamuuliza kama yeye alisaini ile barua. Akacheka, akasema alisaini, madam, wote tulisaini, test ilikuwa inakaribia.

Mimi nimeandika dokezo kwa Rasi wa Ndaki, yaani mkuu wa kundi la idara zetu. Naomba mhadhiri anayebadilisha namna ya kufundisha kozi, kwa kukubaliana na idara yake, fomu za tathmini za semista hiyo azisome yeye mwenyewe tu na zisiingie kwenye faili la cheo. Nimejibiwa kwamba litapelekwa bodi ya ndaki, ajenda imejaa, labda kikao kijacho. Dokta kashaniomba niende tena wiki ya tatu, safari hii kwenye kozi yake ya joto na nishati, maana anasema kuna swali la friji ana hamu ya kuona watu watakavyobishana.